Ibn al-Haytham na siri ya jicho: Tumuenzi kwa kusoma, si kwa kujisifu

NIANZE makala ya juma hili kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikisaidia kusomesha watoto katika madrasa moja ya mtaani, nilikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa niliyemhesabu kuwa mvivu. Nikimkalisha mbele yangu mkekani, juzuu ikiwa mikononi mwake, alisoma vizuri tu. Lakini nikiandika ubaoni na kumwita akiwa safu ya nyuma, alibabaika. Nuni aliiita bai, tai akaiita yai. Nilimuona akikunja macho na kuchungulia kwa wenzake, nikakata shauri kwamba huyu ni mtoto wa mchezo. Nilimchapa bakora, wala si mara moja.

Aliyenizindua ni bibi yake. Alikuja madrasa siku moja baada ya Alasiri, akanieleza kwa upole kwamba mjukuu wake hawezi hata kusoma kibao cha daladala mpaka gari lisimame mbele ya pua yake. Alipopelekwa hospitali ikabainika kwamba mtoto haoni mbali. Akapewa miwani. Juma lililofuata alikaa safu ile ile ya nyuma na kusoma ubao wote bila kukosa nukta moja. Watoto wenzake walicheka kwa furaha. Mimi nilitazama chini.

Nimeibeba aibu ile muda mrefu, na ndiyo iliyonisukuma nianze kusoma habari za jicho. Nilipoanza kusoma habari za jicho, sikwenda mbali kabla ya kukutana na jina la Muislamu mmoja aliyefariki karibu miaka elfu moja iliyopita. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia leo, kwa sababu nadhani wengi wetu tunalijua jina lake na kulitaja kwa fahari, lakini hatujui alifanya nini hasa, wala anatudai nini.

Kijana wa Basra

Jina lake kamili ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 965 Miladia, sawa na mwaka 354 Hijria. Wazungu waliposoma vitabu vyake kwa Kilatini waliligeuza jina lake la al-Hasan likawa Alhazen, na kwa jina hilo wengi wao walimnukuu kwa karne nyingi.

Basra ya wakati ule ilikuwa bandari ya biashara na mji wa elimu. Ni mji wa wanazuoni wa lugha, wa wanatheolojia na wa mabishano. Ibn al-Haytham mwenyewe, katika maelezo aliyoandika juu ya maisha yake na ambayo Ibn Abi Usaybi'a alituhifadhia katika karne ya 13, anaeleza kwamba tangu ujana wake alisumbuliwa na jambo moja. Aliona watu wa makundi mbalimbali, kila kundi likishikilia rai yake kwa nguvu, na yeye akiwa na yakini kwamba haki ni moja tu. Akajiuliza ni kwa njia gani mtu anaweza kuifikia haki hiyo bila kufuata mkumbo. Hatimaye alielekea kwenye elimu ambazo mtu anaweza kuzipima: hisabati, mantiki na elimu ya maumbile.

Ndugu msomaji, hilo si swali la mtu aliyeikimbia dini. Ni swali la mtu aliyeichukulia haki kuwa jambo zito. Huyu huyu ndiye aliyeandika namna ya kuhesabu mwelekeo wa Qibla, na akaandika risala juu ya nuru ya mwezi. Hakuwa na kabati mbili, moja ya elimu ya akhera na nyingine ya elimu ya dunia, kama tulivyozoea kuzigawa sisi.

Mto Nile na gereza la nyumbani

Habari zake zilifika Misri, ambako mtawala alikuwa Khalifa wa Kifatimi, al-Hakim, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Mwanahistoria Ibn al-Qifti anasimulia kwamba Ibn al-Haytham aliwahi kusema akiwa Iraq kuwa, lau angekuwa Misri, angefanya kazi ambayo ingewanufaisha watu katika Mto Nile, mafuriko yanapozidi na maji yanapopungua. Neno likamfikia al-Hakim, naye akamwita.

Alipokelewa kwa heshima, akapewa watu na vifaa, akapanda na mto hadi mahali panapoitwa al-Janadil, kusini ya Aswan, ambako mto unapita kwenye miamba. Njiani alitazama majengo ya Wamisri wa kale. Aliona ustadi wa hesabu na uhandisi uliotumika, na moyo wake ukaanza kusinyaa. Kama watu wenye uwezo wa kujenga vile hawakuufunga mto huu, basi haikuwa kwa kukosa akili. Alipofika al-Janadil na kupakagua, alihakikisha kwamba aliyoyafikiria akiwa Iraq hayawezekani.

Alirudi Cairo akakiri kwamba amekosea. Tukumbuke kwamba Bwawa Kuu la Aswan lilianza kujengwa mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1970, kwa mitambo ya karne ya 20. Fikra yake ilikuwa sahihi kwa karne ambayo hakuijua.

Al-Hakim alikubali udhuru wake na kumpa kazi ya serikali. Lakini al-Hakim alikuwa mtawala wa kuogopwa, leo anakuvika joho, kesho anakukata kichwa. Ibn al-Haytham alihofia nafsi yake. Kwa mujibu wa Ibn al-Qifti, alijifanya mwendawazimu. Mali yake ikashikwa, akawekewa mtu wa kumwangalia, akafungiwa nyumbani. Alikaa hivyo mpaka usiku mmoja wa mwaka 1021, al-Hakim alipotoka kuelekea milima ya Muqattam na asionekane tena. Hapo Ibn al-Haytham akarejesha akili yake hadharani, akatoka nje.

Ipo simulizi nyingine, ya Ibn Abi Usaybi'a, isemayo kwamba kujifanya mwendawazimu kulitokea Basra, ili aachwe na kazi za serikali apate nafasi ya kusoma. Wasomaji wa historia wamezijadili simulizi zote mbili. Zinapokutana ni kwenye jambo moja: huyu ni mtu aliyekuwa tayari kupoteza heshima ya cheo, hata heshima ya kuonekana mzima wa akili, ilimradi abaki na fikra zake.

Miaka yake ya mwisho aliishi jirani na msikiti wa al-Azhar. Husimuliwa kwamba riziki yake ilikuwa kunakili vitabu. Kila mwaka alinakili vitabu vya hisabati vya Euclid na cha falaki cha Ptolemy pamoja na vingine vya kati, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, akaishi nazo hadi mwaka mwingine. Hakupandisha bei wala hakuishusha. Alifariki Cairo yapata mwaka 1040. Orodha za vitabu na risala zake zinazidi 90, na zaidi ya nusu yake zimetufikia.

Ugomvi wa Wagiriki

Sasa tuje kwenye kazi iliyompa jina, Kitab al-Manazir, yaani Kitabu cha Uoni, chenye juzuu saba, alichokiandika katika miongo ya kwanza ya karne ya 11.

Kabla yake, wanafalsafa wa Kigiriki waligawanyika. Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho hutoa mionzi inayokwenda kukigusa kitu, mithili ya kipofu anayepapasa kwa fimbo. Aristotle na wafuasi wake walisema hapana, ni sura ya kitu inayokuja kwenye jicho. Matabibu waliomfuata Galen nao walikuwa na maelezo yao. Kila upande ulikuwa na hoja, na ugomvi ulikuwa umedumu zaidi ya miaka elfu moja.

Ibn al-Haytham hakuanza kwa kuuliza nani mkubwa kati yao. Alianza kwa kutazama. Mtu akilitazama jua, jicho linauma. Akitazama mwanga mkali kisha akageuza uso, athari ya ule mwanga hubaki machoni kwa muda. Basi ni mwanga unaolifanyia jicho kazi, si jicho linaloufanyia mwanga. Tena, tukifumbua macho usiku tunaziona nyota papo hapo. Itawezekanaje kitu kitoke kwenye jicho hili dogo, kijaze mbingu yote mara moja, na jicho libaki halijapungua chochote?

Akaenda hatua zaidi. Alitumia chumba cha giza chenye tundu dogo. Nje ya tundu alipanga taa kadhaa, kila moja mahali pake. Ndani, ukutani, kila taa ilitoa doa lake la mwanga mkabala na ilipo. Akiifunika taa moja, doa lake pekee linatoweka. Akiifunua, linarudi pale pale. Kwa jaribio hilo, ambalo mtoto wa sekondari anaweza kulifanya kwa mishumaa na kipande cha boksi, alionyesha kwamba mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka, na kwamba mianga mingi inaweza kupita tundu moja bila kuchanganyikana.

Hapo ndipo alipoishinda hoja ya pande zote. Kutoka kila nukta ya kila kitu chenye mwanga, mwanga husambaa pande zote kwa mistari iliyonyooka. Sehemu ya mwanga huo huingia machoni kupitia mboni. Aliunganisha hisabati ya Euclid, maumbile ya Aristotle na tabibu ya Galen katika jengo moja, akatupa ile mionzi inayotoka machoni.

Jicho hupokea, akili huhukumu

Lakini jambo lililonigusa mimi, kwa sababu ya yule mtoto wa madrasa, liko juzuu ya pili. Ibn al-Haytham alisema kuona si kitendo kimoja. Jicho hupokea mwanga na rangi. Hayo ndiyo yanayohisiwa tu. Umbali wa kitu, ukubwa wake, umbo lake, kama kimetulia au kinakwenda, kama ni kizuri au kibaya, yote hayo huamuliwa na nguvu ya kupambanua iliyo ndani, kwa kulinganisha na kwa kukumbuka. Alihesabu mambo 22 ambayo kuona hutupatia. Na akaongeza kwamba hukumu hizi hupita upesi mno kiasi kwamba mtu hajui kuwa amehukumu. Anadhani ameona tu.

Mfano anaouchambua ni mwezi. Unapochomoza huonekana mkubwa, ukifika utosini huonekana mdogo. Mwezi haukubadilika. Ibn al-Haytham alieleza kwamba sehemu kubwa ya jambo hili ni hukumu yetu kuhusu umbali: karibu na ardhi kuna miti, nyumba na milima ya kutupimia, kwa hiyo tunaudhania uko mbali zaidi, na kinachodhaniwa kuwa mbali huhukumiwa kuwa kikubwa.

Alitaja pia masharti manane ambayo, yakiwa sawa, mtu huona sawasawa: umbali wa wastani, kitu kuwa mkabala na jicho, mwanga, ukubwa wa kutosha, kitu chenyewe kiwe na unene wa kuzuia mwanga, hewa iliyo safi katikati, muda wa kutosha wa kutazama, na jicho zima. Likivunjika sharti moja, makosa huingia. Juzuu ya tatu nzima ameitoa kwa ajili ya makosa hayo.

Wenyeji wa Basra walikuwa na kisa kinachofaa hapa. Husimuliwa kwamba watu walitoka kuutazama mwezi mwandamo wa Ramadhani, miongoni mwao sahaba Anas bin Malik, umri wake ukikaribia miaka mia. Akasema ameuona, na wengine hawakuona kitu. Kadhi Iyas bin Muawiya akamtazama vizuri, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umeinama mbele ya jicho. Akaupangusa kwa adabu, kisha akamwomba amwonyeshe tena mwezi ulipo. Mzee akatazama, akasema hauoni. Hakuna aliyemwita mwongo, na yeye hakung'ang'ania. Nikikumbuka tunavyorushiana maneno kila mwaka ifikapo usiku wa mwezi, natamani tungekuwa na adabu ya Iyas na unyofu wa Anas.

Yaliyogunduliwa baadaye

Elimu ya leo inasemaje? Mwanga hupita kwenye konea, ukaingia mboni, ukakusanywa na lenzi, ukaangukia retina, utando ulioko ukutani nyuma ya jicho ambao unene wake haufiki nusu milimita. Sura huangukia pale ikiwa juu chini. Katika utando huo kuna seli zipatazo milioni 120 zenye umbo la fimbo, zinazotusaidia gizani, na zipatazo milioni 6 zenye umbo la pia, zinazotambua rangi na mambo madogo madogo kama nukta za herufi.

Jambo la ajabu ni kwamba neva inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo ina nyuzi zipatazo milioni moja tu. Seli zaidi ya milioni 120 zinapokea, nyuzi milioni moja zinapeleka. Maana yake retina haisafirishi picha nzima kama ilivyo. Inafanya kazi ya katibu wa kikao: wajumbe wanasema mengi, yeye anaandika muhtasari. Mwaka 1953 mtafiti Stephen Kuffler alionyesha kwamba seli zinazopeleka habari ubongoni hazishughulishwi sana na mwanga ulio sawa kila mahali. Zinachangamka pale katikati panapotofautiana na pembeni yake. Kwa hiyo tangu mle ndani ya jicho, kinachotafutwa ni tofauti: wino unapoishia na karatasi inapoanzia.

Neva za macho mawili hukutana chini ya ubongo, na hapo nusu ya nyuzi huvuka. Yaliyo upande wetu wa kulia huenda ubongo wa kushoto, na ya kushoto huenda wa kulia, kutoka macho yote mawili. Kisha habari hupita kituo kilicho katikati ya ubongo na kufika nyuma kabisa, kisogoni. Huko David Hubel na Torsten Wiesel, katika utafiti walioanza kuutangaza mwaka 1959, walikuta seli zinazoitikia mistari. Hii huitikia mstari uliosimama, ile uliolala, nyingine ulioinama. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kwa hiyo mtoto anapoitazama alifu na bai, kuna seli kisogoni zinazoitikia kusimama kwa alifu na nyingine kulala kwa bai. Kutoka hapo njia hugawanyika: moja hushuka pande za masikioni kushughulikia kitu ni nini, nyingine hupanda juu kushughulikia kiko wapi.

Ibn al-Haytham hakujua haya yote, na ni lazima tuseme kweli alipokosea. Yeye aliamini kwamba sehemu inayohisi ni lenzi, kwa kuwafuata matabibu wa Kigiriki, na kwamba sura hubaki wima. Leo mgonjwa wa mtoto wa jicho hutolewa lenzi yake iliyoingia ukungu, akawekewa ya bandia, akaona. Lenzi ingekuwa ndiyo inayohisi, hilo lisingewezekana. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 1604, Johannes Kepler alipoeleza kwamba sura huchorwa kwenye retina, tena ikiwa juu chini. Lakini kwamba habari za macho mawili hukutana njiani, kwamba mwisho wa safari ya kuona ni ubongo, na kwamba jicho hupokea tu na ndani ndimo mnamohukumiwa, mwelekeo huo aliushika sawasawa.

Na nani alimfundisha Kepler? Kitab al-Manazir kilitafsiriwa kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 12 au mwanzoni mwa ya 13. Kilisomwa na Roger Bacon, na John Pecham, na Witelo. Mwaka 1572 Friedrich Risner alikichapa Basel, pamoja na kitabu cha Witelo. Ni kwenye msingi huo Kepler alijenga, na ni kwa kutoridhika nao akavuka mbele. Upande wetu, Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi alikisoma kwa makini na kukiandikia sherehe kubwa, akaeleza upinde wa mvua kwa kutumia tufe la kioo lililojaa maji. Alifariki yapata mwaka 1320. Baada yake, kwetu, wasomaji wa kiwango hicho walikuwa wachache.

Kumuenzi ni kufanya nini?

Nimewahi kukaa kwenye mihadhara ambapo msemaji anataja majina ya Ibn al-Haytham, Ibn Sina na al-Khwarizmi, na ukumbi ukapiga takbira. Sina ubaya na takbira. Watoto wetu wamekua wakidhani kwamba sayansi ililetwa na mzungu kwenye meli, na ni haki yao kujua kwamba si hivyo. Mwaka 2015, ambao Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanga, dunia iliadhimisha miaka elfu ya kitabu hiki. Bonde moja mwezini limepewa jina lake. Iraq iliweka sura yake kwenye noti ya dinari 10,000.

Lakini fahari isiyozaa kazi ni deni. Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha kumkosoa Ptolemy, ambaye alimheshimu na ambaye vitabu vyake alivinakili kwa mkono ili apate kula. Humo alieleza kwamba mtafuta haki si yule anayewadhania vema wakubwa waliomtangulia, bali ni yule anayewatilia shaka na kudai hoja. Na akamtaka mtu huyo ajitilie shaka yeye mwenyewe pia, asije akaponzwa na upendeleo au uzembe wa nafsi yake. Mtu wa namna hii huwezi kumuenzi kwa kumsifu. Ukimsifu bila kumsoma umemkosea.

Narudi kwa mtoto wangu wa safu ya nyuma. Siku zile macho yangu mimi hayakuwa na kasoro. Niliona mtoto anakunja uso. Niliona anachungulia. Niliona anakosa nukta. Yote niliyoyaona yalikuwa kweli. Kilichokosea ni hukumu, na ilipita upesi mno nikadhani ni kuona. Nilidhani nimeuona uvivu. Uvivu haukuwa ubaoni wala usoni kwake. Niliuweka mimi. Ustadhi anayesoma Qur'an kila siku, ambamo Allah (S.W.) anatukumbusha mara kwa mara neema ya kusikia na kuona na nyoyo, na kwamba vyote vitaulizwa, hakuwahi kujiuliza kama mtoto anaona.

Na jambo hili si la aibu tu. Hubel na Wiesel walionyesha jambo lingine zito. Mnyama mchanga akizibwa jicho moja katika miezi yake ya mwanzo, ubongo hujipanga bila jicho hilo, na likifunguliwa baadaye, hata likiwa zima, kuona kwake kunabaki dhaifu. Kwa binadamu pia, mtoto mwenye jicho moja lenye hitilafu asiposaidiwa mapema, ubongo unaweza kuzoea kulipuuza. Miwani au kuzibwa jicho lile zuri kwa muda kwa maelekezo ya daktari husaidia zaidi akiwa mdogo kuliko akishakua. Kwa hiyo kuna watoto ambao bakora haziwapotezei hamu ya kusoma tu. Muda tunaoupoteza kwa bakora ndio muda wa tiba yao.

Rai yangu ni ndogo. Kila madrasa, mwanzoni mwa mwaka, imsimamishe kila mtoto mbali na ubao, afunike jicho moja, asome herufi, kisha afunike la pili. Hiyo si kazi ya daktari wala haihitaji mfadhili kutoka nje. Ni chaki, ubao na nusu saa. Atakayebabaika, mzazi aitwe na mtoto apelekwe hospitali apimwe na wanaojua. Kamati za misikiti zinazochangisha kwa ajili ya mazulia na vipaza sauti haziwezi kushindwa kumnunulia yatima miwani. Na kwa wazee wetu, wengi huja msikitini wameshikwa mkono wakiamini kwamba kutoona ni uzee tu, kumbe wengine ni mtoto wa jicho anayetibika, na wengine ni presha ya macho, ambayo huharibu ile neva ya nyuzi milioni moja kimya kimya, na kilichoharibika hakirudi. Nao wapimwe mapema.

Na walimu wenzangu, nawausia kama ninavyojiusia mwenyewe. Mtoto akikosea, kabla ya kunyoosha mkono kwenye bakora, tuhesabu yale masharti manane. Je, yuko mbali? Je, mwanga upo? Je, jicho lake ni zima? Mzee wa Basra alikaa amefungiwa ndani ya nyumba Cairo kwa kuogopa hukumu ya haraka ya mtawala mmoja. Tusiwe watawala wa namna hiyo kwa watoto waliokaa kwenye mikeka yetu.

Yule kijana sasa ni mtu mzima. Tulikutana siku moja nje ya msikiti baada ya Ijumaa, akanisalimia yeye kwanza, kutoka ng'ambo ya barabara. Aliniona kabla mimi sijamuona. Nilimwomba anisamehe, akaniambia ameshasamehe zamani. Namuomba Allah (S.W.) nami anisamehe, amrehemu Ibn al-Haytham, na atujaalie macho yanayoona na nyoyo zisizofanya haraka kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.